Mzee Nyachae Baada ya Utumishi
Marehemu Mzee Simeon Nyachae, mwana wa Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari, Kisii, alizaliwa mwaka 1932. Alipokuwa Mkuu wa Mkoa, usalama wa raia na askari wa utawala walikuwa chini ya mkono wake. Wengi wakistaafu hukaa barazani wakihesabu ng'ombe. Yeye alirudi kuwatumikia watu wake, wakamchagua Mbunge mwaka 1992. Mwaka 1999 aliondolewa Wizara ya Fedha akapewa nyingine. Alikataa, akajiuzulu, jambo ambalo mawaziri wetu hawalizoei. Mwaka 2002 aliwania urais. Hakushinda, lakini Kisii na Nyamira zilimpa kura kwa wingi. Mwanawe Charles aliongoza Tume ya Utekelezaji wa Katiba. Mzee alifariki Februari 1, 2021, akazikwa nyumbani Kisii.