Seliaki (3): Ukishaacha ngano, mizani inasema nini?

Katika makala mbili zilizopita tuliona jinsi gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, inavyouchochea mwili wa mwenye seliaki kuushambulia utumbo wake wenyewe, na kwa nini kipimo cha damu kifanyike kabla mtu hajaacha ngano. Leo tuanzie pale daktari anapokwisha kusema “acha”. Chapati, maandazi na mkate vimeondoka mezani, miezi imepita, mgonjwa anapanda mizani. Mmoja ameongezeka, wa pili amepungua, wa tatu yuko palepale, na kila mmoja anashuku kwamba kuna jambo halijaenda sawa.

Mizani ina heshima yake katika historia ya ugonjwa huu. Kabla sababu haijajulikana, watoto wenye seliaki walikonda mpaka baadhi yao wakafa, na madaktari walibahatisha vyakula. Mwaka 1924 daktari wa Marekani, Sidney Haas, alipendekeza ndizi. Watoto wengi walipona, naye akaamini ndizi ina nguvu ya pekee, kumbe nafuu ilitokana na mkate uliokatazwa. Aliyeutegua mtego ni Willem-Karel Dicke, daktari wa watoto wa The Hague, Uholanzi, aliyekuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930. Vita vilipoleta njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate uliadimika nchini mwake na shaka yake ikapata nguvu. Katika tasnifu aliyoitetea Utrecht mwaka 1950 alichora uzito wa watoto: wakipewa ngano mstari unadumaa au kushuka, ikiondolewa unapanda. Kwa mtoto, ushahidi huo unatosha mpaka leo. Uzito hurudi kwanza, kimo hufuata, na mtoto aliyegunduliwa mapema aghalabu huwafikia wenzake.

Kwa mtu mzima mambo hayanyooki hivyo. Vijinyweleo vya utumbo mwembamba, ambavyo ndivyo hufyonza chakula, huota upya taratibu: kwa watoto ni suala la miezi, kwa watu wazima huweza kuchukua miaka miwili au zaidi. Kadiri vinavyoota, chakula kilichokuwa kikipita bure sasa kinaingia mwilini. Mtu anakula sahani ileile lakini anavuna zaidi, na hamu ya kula imerudi. Aliyekuwa amekonda atashukuru. Ila picha ya mgonjwa wa seliaki kuwa lazima awe mwembamba imepitwa na wakati. Wengi wanaogunduliwa siku hizi wana uzito wa kawaida au wamezidi. Hao kilo za ziada huwajia bila kuziomba, na ni haki yao kuambiwa mapema.

Halafu kuna suala la kilichoshika nafasi ya ngano, na hapa ndipo nadhani ushauri wa kliniki nyingi huishia njiani. Mgonjwa anapewa orodha ya vilivyokatazwa, anaachwa ajitafutie vinavyofaa. Mwenye fedha hukimbilia mikate na biskuti zilizoandikwa kwamba hazina gluteni, bidhaa zinazotoka nje kwa bei ya kukatisha tamaa. Nyingi hutengenezwa kwa wanga wa mchele, mahindi au muhogo, na kwa kuwa gluteni ndiyo inayoushikamanisha mkate, huongezewa mafuta na sukari ili zilike. Protini na nyuzinyuzi huwa chache. Mimi ningelipita rafu hilo bila kugeuza shingo. Mtu anayeishi kwenye nchi ya mtama, ulezi, uwele, ndizi, viazi na maharage hana sababu ya kununua wanga uliosafiri kwa meli. Hata hamu ya vitafunwa ina jibu: vitumbua na mkate wa kumimina ni vya mchele.

Lakini jikoni kwetu nako kuna mtego. Sembe imekobolewa pumba na kiini, na wali mweupe vivyo hivyo. Anayeziba pengo la chapati kwa kuongeza mlima wa sembe hupata nishati tele na lishe kidogo. Zaidi ya hayo, unga wa ngano wa viwandani huongezwa madini ya chuma na asidi ya foliki kwa mujibu wa sheria. Tanzania iliweka kanuni hizo mwaka 2011 na Kenya mwaka uliofuata. Unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Ukiacha ngano unaacha na madini yake, nawe ni mgonjwa ambaye seliaki imemharibia hasa sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, mahali chuma kinapofyonzwa. Ndiyo maana mtu hunenepa huku damu yake bado ni pungufu.

Dawa ya kasoro hiyo ni dona badala ya sembe, maharage au kunde kila siku, maini mara mojamoja, na chungwa au ndimu pamoja na mlo ili chuma cha mboga kifyonzwe vizuri. Chai isubiri, maana huzuia chuma. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao hutoa kalisi, muhimu kwa sababu mifupa ya wagonjwa hawa mara nyingi imepungua uimara. Maziwa yakileta gesi miezi ya mwanzo, jaribu mtindi: kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hukaa kwenye ncha za vijinyweleo vilevile vilivyoharibika.

Sasa yule ambaye mizani haijasogea, na tumbo bado linamsumbua. Kwanza itafutwe gluteni iliyojificha. Miligramu 50 kwa siku zinatosha kuudhuru utumbo, na slesi moja ya mkate ina takriban gramu mbili. Unga wa uji wa lishe, unaosifiwa kwa kila mgonjwa, mara nyingi umechanganywa na ngano. Mtama wako unaweza kuwa umesagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano. Mihogo ya kukaanga barabarani huogelea kwenye mafuta ya maandazi. Bokoboko ni ngano tupu, bia ya kawaida ni shayiri, na sosi ya soya nyingi ina ngano. Yote hayo yakiondolewa bila mabadiliko, daktari achunguze kongosho, tezi ya shingo na bakteria waliozidi utumboni.

Anayepungua naye achunguzwe, hasa kama ameanza kuogopa kula: hagusi chakula cha harusi, harambee wala msiba, na nyumbani anarudia vyakula vitatu vilevile. Na asiye na seliaki aliyeacha ngano akapungua tumbo ajue kwamba kilichompunguza ni maandazi na keki alizoacha, si gluteni.

Kwa hiyo, ukirudi kliniki baada ya miezi sita, usikubali kupimwa kilo peke yake. Uliza kiwango cha damu, akiba ya chuma, foleti na vitamini D, pamoja na kipimo kilekile cha kingamwili ulichofanyiwa mwanzo. Kikishuka, ni dalili kwamba ngano imetoka kweli kwenye sahani yako.

Wiki ijayo: mtoto mwenye seliaki na uji wa shuleni.