Chuo Bila Ada: Mkaazi Ni Nani, na Bure Ni Kiasi Gani?



Katika mikutano ya wanachama wetu wa Mbarara na Kabingo kuna swali ambalo halikosi kuulizwa, hata siku ambayo tumeitana kwa ajili ya mishahara tu. Je, ni kweli kwamba viko vyuo ambako mtoto wa kibarua husoma bila kulipa ada? Wengine wamesikia habari hiyo kwa ndugu zao waliotoka Nakivale wakahamishiwa Marekani. Wengine wamewaona vijana wa wilaya wakienda Mbarara kujifunza kuchomelea vyuma. Jibu ni ndiyo, viko. Lakini kabla hujaingia utaulizwa wewe ni mkaazi wa wapi, na ukiisha kuingia utagundua kwamba ada ilikuwa sehemu tu ya gharama.

Tuanze na Marekani, maana ndiyo habari inayotiwa chumvi nyingi. Jimbo la Tennessee lilipitisha sheria mwaka 2014, na wanafunzi wa kwanza wakaingia vyuoni mwaka 2015. Mkaazi wa jimbo anayemaliza sekondari husoma chuo cha miaka miwili bila kulipa ada ya masomo. Mwaka 2018 watu wazima nao waliingizwa, mradi wawe wamekaa jimboni mwaka mzima. Sasa sikilizeni vizuri. Jimbo hulipa kile kinachobaki baada ya misaada mingine ya masomo kuhesabiwa. Chakula, kodi ya nyumba, vitabu na nauli ni juu ya mwanafunzi mwenyewe. Mpango ni mzuri, sisemi vinginevyo. Lakini yule anayekaa akingoja kuitwa ndege aende akasome huko, ajue kwamba mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025.

Basi turudi kwetu. Uganda ilifuta ada ya shule za msingi za serikali mwaka 1997, kwanza kwa watoto wanne wa kila nyumba, na idadi ya wanafunzi ikaruka kutoka karibu milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja. Mwaka 2007 ikafuata sekondari. Kwa vyuo vikuu, serikali imekuwa ikigharamia wanafunzi wapatao 4,000 kwa mwaka, na tangu mwaka 2005 sehemu ya nafasi hizo hugawanywa kwa wilaya, ili mtoto wa Isingiro asishindane moja kwa moja na mtoto wa shule kubwa za Kampala. Kwa asiyefika huko juu kuna vituo vya ufundi vya kanda vilivyo chini ya Ikulu, 19 nchi nzima, na cha Ankole kiko Mbarara. Vijana hutoka wilaya za kanda, hujifunza kushona, useremala, uashi, kuchomelea au kuoka mikate kwa miezi sita, na ada hakuna. Kitanda na chakula wanapewa.

Hapo ndipo linapokuja swali la ukaazi. Tunafanya kazi bega kwa bega katika migomba ya Isingiro na katika viwanda vya maziwa vya Mbarara, raia na mkimbizi, na nyapara hawabagui anapotaka shamba liishe kupaliliwa. Lakini karatasi zinatubagua. Nafasi za serikali za chuo kikuu ni za raia. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtoto wa mkimbizi haki sawa na mtoto wa raia katika shule ya msingi. Juu ya hapo anahesabiwa kama wageni wengine, hata kama babu yake aliingia Nakivale miaka ya sitini na yeye mwenyewe hajui nchi nyingine.

Kwa hao ipo DAFI, msaada wa masomo ya chuo kikuu kwa wakimbizi, ulioanzishwa kwa fedha za Ujerumani mwaka 1992 na kusimamiwa na UNHCR. Nafasi ni chache mno na wanaoomba ni wengi. Hata hivyo nausifu kwa jambo moja: pamoja na ada unalipia chakula, vitabu, malazi na nauli. Waliouanzisha walielewa hesabu ya mtu maskini.

Hesabu hiyo ni hii. Mama anayepalilia migomba kwa leja leja ana kijana wa miaka 17. Kijana huyo naye ni leja leja, na jioni fedha ya wawili ndiyo inayonunua posho na maharage. Tangu mgao wa chakula upunguzwe makambini, na mwaka 2025 wakimbizi kama milioni moja nchini wakaondolewa kabisa, fedha ya kijana imekuwa nusu ya sufuria. Chuo kikisema ada ni bure, mama anasikia kwamba kwa miezi sita nusu ya sufuria haipo. Tumewasikia wakubwa fulani wakisema wazazi wa mashambani hawapendi elimu. Wangekaa nyumba hiyo wiki moja tu!

Ndiyo maana naona jambo hili ni la mkataba wetu na mwajiri, si la wizara peke yake. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 140 mwaka 1974 kuhusu likizo ya masomo yenye malipo, na majirani zetu Kenya na Tanzania waliuridhia. Tudai kifungu cha namna hiyo: kijana mfanyakazi akipata nafasi ya chuo, nafasi yake ya kazi ilindwe na sehemu ya ujira iendelee. Tudai pia mwajiri alipe ada ya mtihani wa ufundi kwa wale waliojifunzia kazini. Fundi wa mashine aliyeishia darasa la nne anaweza kupimwa kwa mikono yake na kupewa cheti cha Worker's PAS. Tangu sheria ya ufundi ya 2025, kazi ya kutahini imo mikononi mwa bodi ya UVTAB. Bila cheti hicho anabaki kibarua miaka 20, huku akimfundisha mgeni mwenye karatasi.

Wenye vijana wa kuombewa nafasi waje kwa katibu wa tawi na vyeti vya shule na kitambulisho. Raia alete barua ya mwenyekiti wa LC1 yenye muhuri. Wa Nakivale alete ya mwenyekiti wa RWC pamoja na karatasi ya familia kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Angalieni majina kwanza. Kijana aliyeandikwa Jean kwenye cheti cha shule na Yohana kwenye karatasi ya familia, kwa karani ni watu wawili, na kusahihisha jina huchukua muda mrefu kuliko kuomba chuo.