Uchafu wa Nje na Uchafu wa Ndani

Mchicha, majani ya kunde, matembele, mnavu, mgagani, majani ya maboga, kisamvu. Mpishi wa Nyamuswa, mkoani Mara, anayezungusha mboga hizi mwaka mzima anafanya kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Ipo mboga ambayo uchafu wake umekaa juu ya jani, na ipo ambayo ubaya wake umo ndani ya jani lenyewe. Ule wa kwanza maji yanaumudu. Wa pili hautoki hata ukimwagiwa ndoo kumi.

Tuanze na mchicha. Mara nyingi hung'olewa na mizizi yake, ukafungwa mafungu. Matone ya mvua hurusha udongo hadi upande wa chini wa majani, na shamba likiwa la mbuga, udongo ule mweusi hunata kama gundi. Mchanga hujificha pale kikonyo kinapoungana na shina. Vidukari nao hujibanza mgongoni mwa jani, wasionekane na mtu anayetazama fungu kwa juu. Kwa hiyo kazi huanza kabla ya maji: kata mizizi, chambua, tupa majani ya manjano, kung'uta.

Kisha beseni, na hapa ndipo kazi nzuri huharibiwa. Mtu anaosha kwa bidii, halafu anainamisha beseni na kumwaga maji huku amezuia mboga kwa kiganja. Mchanga ni mzito kuliko maji. Beseni likitulia, unazama. Ukiliinamisha, unatibuka, na maji yanayopita katikati ya majani yanaurudisha palepale ulipotoka. Inua mboga kwa mikono miwili, iweke kwenye chujio, ndipo umwage maji. Pitisha vidole kwenye kitako cha beseni. Ukihisi chembe, rudia. Maji ya mwisho, ambayo hutoka karibu safi, yanafaa kuoshea fungu linalofuata kwa mara ya kwanza, au kumwagilia bustani. Kwa anayechota maji mbali hilo si jambo dogo.

Chumvi kidogo kwenye maji husaidia wadudu waachie jani. Isitegemewe kuua vijidudu. Kinachoua vijidudu na mayai ya minyoo ni moto, na mboga zetu nyingi hupita motoni. Hatari iko pembeni: maji ya kuoshea yakirukia kibao, kisu au nyanya za kachumbari, uchafu umeshapata njia ya kufika mdomoni bila kupita kwenye sufuria.

Dawa ya kuulia wadudu shambani ni habari nyingine. Kuosha hupunguza iliyobaki juu ya jani, lakini zipo dawa zinazofyonzwa na mmea, na hizo haziondolewi na beseni lolote. Kinga ni kusubiri siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla ya kuvuna. Ndiyo maana naamini swali la kwanza kwa muuzaji wa mboga linapaswa kuwa: ilipigwa dawa lini?

Osha kwanza, kata baadaye. Vitamini C na foleti, ambayo mama mjamzito anaihitaji sana, huyeyuka kwenye maji, na kila mkato wa kisu unafungua mlango wa kuzipoteza. Mboga iliyokatwa nyembamba kisha ikaloweshwa inabaki na rangi yake, lakini sehemu ya faida imebaki kwenye beseni.

Mgagani una uchungu. Wengi huuchemsha na kumwaga maji, na faida zile zile zinaondoka nayo. Wajaluo na Wakisii wana njia ninayoipenda zaidi: wanauweka maziwa na kuuacha ulale. Maziwa hupooza uchungu, na mafuta yake husaidia mwili kupata vitamini A kutoka kwenye jani.

Kisamvu kinatutoa kabisa kwenye beseni. Ndani ya jani la muhogo kuna linamarini, na mahali pengine ndani ya jani hilohilo kuna kimeng'enya cha kuivunja. Jani likiwa zima, viwili hivyo havikutani. Mchi ukilisaga, vinakutana, na sianidi inaachiliwa. Kinachoonekana kama kulainisha mboga ni kuifukuza sumu. Anayechemsha majani mazima bila kutwanga anakiua kimeng'enya kwa moto kabla hakijamaliza kazi, na sumu inabaki imefungwa.

Mkoa wa Mara unaijua sumu hii. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa wilaya ya Tarime walipatwa na konzo, ugonjwa unaokakamaza na kupoozesha miguu moja kwa moja. Chanzo kilikuwa mihogo michungu iliyotayarishwa haraka kwa sababu ya njaa. Ilikuwa mizizi, si majani. Lakini sumu ni ileile, na kwa kawaida jani huwa nayo nyingi kuliko mzizi.

Basi majani ya kisamvu yaoshwe yakiwa mazima, yatwangwe hadi yalainike kabisa, yaachwe kidogo kwenye kinu, kisha yachemshwe kwenye sufuria isiyofunikwa, mahali penye hewa, ili sianidi itoke na mvuke. Karanga, nazi au maziwa viingie baada ya hapo, si kabla.