Pambo la Ukutani Lisilowazuia Malaika

Nyumba za Ujiji zimezoea mapambo yatokayo mbali. Misafara ya karne ya 19 iliyoanzia pwani ilileta shanga na kaniki za Kihindi hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Reli ikafika Kigoma mwaka 1914. Leo hata nakala za michoro midogo ya kale ya Kihindi huagizwa kwa simu. Je, inafaa sebule ya Muislamu?

Sanaa hiyo ilistawi chini ya wafalme Waislamu wa dola ya Mughal. Humayun aliwaalika mabingwa wawili wa Kiajemi, Mir Sayyid Ali na Abd al-Samad. Mwanawe, Akbar, akaikuza karakana yao. Karatasi ilisuguliwa kwa jiwe la akiki hadi ikang'aa, brashi zikatengenezwa kwa nywele za kindi, na rangi nyingi zikasagwa kutokana na mawe. Michoro hiyo ilikaa vitabuni, ikatazamwa mkononi, haikukusudiwa kutundikwa.

Mingi ina sura za wafalme, wawindaji na wanyama. Hapo ndipo pa kusita. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba malaika hawaingii nyumba yenye picha, na wanazuoni wengi wameelekeza katazo hilo kwenye sura za wenye roho. Hata hivyo, mlango haukufungwa wote: Ibn Abbas (r.a.) alipojiwa na mtu aliyeishi kwa kazi ya kuchora, alimwelekeza kwenye miti na visivyo na roho.

Na hazina ya Mughal imejaa vya namna hiyo. Jahangir alipozuru Kashmir mwaka 1620, msanii wake Ustad Mansur alichora maua zaidi ya mia moja. Pambizo za kurasa nazo zilipambwa kwa majani, vikonyo na dhahabu, zikizunguka khati nzuri.

Basi, akina mama na akina baba, tuchague ua na khati. Khati yenye aya iwekwe mahali pa heshima. Fremu isikae penye jua kali wala unyevu, kwani rangi hupauka na karatasi huota ukungu. Tena tuepuke israfu: mkeka wa ukindu wenye mistari ya rangi, uliosukwa nyumbani, nao ni kazi ya subira, na gharama yake ni ndogo.

Mtoto huusoma ukuta wa nyumba yao kabla hajausoma msahafu. Tuangalie tunamwandikia nini. Wallahu a'lam.