Matokeo ya mtihani wa rubani nayo yanaisha muda

Mwenye kutoka Beni kwenda Kinshasa anapanda ndege, na vijana wengi wanauliza namna gani mtu anakuwa rubani. Kuna jambo moja halisemwi sana: kupita mtihani wa kuandika si mwisho, matokeo yake yana muda.

Marekani, mengi yanadumu miezi 24. Mtihani wa leseni ya juu, ile ya kuongoza ndege kubwa za abiria, miezi 60. Hapo njo penye shida. Mtihani wenyewe unaruhusiwa toka miaka 18, lakini leseni kwa kawaida inaomba miaka 23 na saa 1,500 angani. Mwenye kuharakisha kuandika, kisha akakosa kazi ya kumpa zile saa, muda unamuishia. Anarudi kwenye meza, analipa tena.

Mwenye leseni hiyo tayari, akiongeza aina ingine ya ndege, haandiki tena. Anaulizwa kwa mdomo, kisha anapimwa akiongoza.

Ulaya ni kali zaidi: akianza masomo ya aina mpya, tuseme Boeing 737, anapashwa kupita jaribio la kuruka ndani ya miezi 6.