Mzingo wa Kichwa cha Mtoto na Suala la Usonji

Mtoto wa kiume mwenye afya huzaliwa na kichwa chenye mzingo wa wastani wa sentimita 34.5. Atimizapo mwaka mmoja mzingo huo hufikia sentimita 46.1, mwaka wa pili mzima humwongezea sentimita 2.2 tu. Fuvu hutanuka kwa kuufuata ubongo, na ndiyo maana utepe wa muuguzi ni chombo chenye thamani.

Mwaka 1943 Dakta Leo Kanner wa Marekani alieleza habari za watoto 11 wenye hali iitwayo leo usonji, akaona kwamba watano kati yao walikuwa na vichwa vikubwa kiasi. Mwaka 2003 Eric Courchesne na wenzake walitangaza kwamba vichwa vya watoto wa namna hiyo havikuwa vikubwa wakati wa kuzaliwa, bali vilikua kwa kasi katika mwaka wa kwanza. Lakini mwaka 2013 watafiti wengine walionyesha kwamba tofauti hiyo ilitokana kwa kiasi kikubwa na majedwali ya kulinganishia, wala si na watoto wenyewe.

Jambo hili lawahusu wazazi wa Kibaha na Kisarawe. Vipimo vya kichwa vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 vilitokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. Afrika Mashariki haimo.

Mwalimu wa hisabati wa Kibaha au Minaki aweza kuwapa wanafunzi wake swali hili. Ichukuliwe kwamba kati ya watoto 10,000, mmoja katika kila 100 ana usonji. Wenye usonji 15 katika kila 100 huupita mstari wa juu wa jedwali. Watoto wengine huupita 3 katika kila 100. Basi wenye vichwa vikubwa watakuwa 15 wenye usonji na 297 wasio nao. Yaani, kati ya vichwa vikubwa 312, usonji haufikii hata 5 katika kila 100.

Mara nyingi kichwa kikubwa ni urithi wa baba au mama. Kikitanuka ghafla, mtoto akawa anatapika, apelekwe hospitali upesi, kwani huenda kimejaa maji. Usonji hutambuliwa kwa mwenendo: mtoto haitiki jina lake, haonyeshi kitu kwa kidole, amechelewa kusema. Huyo naye achunguzwe na daktari, hata kama utepe hauonyeshi kasoro yoyote.