Uvundo wa Farasi wa Mfalme

Mashariki ya kisiwa cha Bali, katika wilaya ya Karangasem, kipo kijiji kiitwacho Tenganan Pegringsingan, ambacho wenyeji wake huhesabiwa miongoni mwa Bali Aga, yaani Wabali wa asili, wenye ada zilizotangulia kuja kwa watu wa Majapahit kutoka Java katika karne ya 14. Kijiji hiki kinamiliki zaidi ya hekta 900 za vilima, misitu na mashamba ya mpunga. Na ukimwuliza mzee wa huko ni kwa haki gani kaumu ndogo kama ile imepata mali kubwa namna hiyo, atakuhadithia habari za farasi.

Husimuliwa kwamba mfalme wa Bedahulu, ufalme wa kale wa Bali, alipotewa na farasi wake azizi, akatuma watu pande zote kumtafuta. Waliokwenda mashariki walimkuta, lakini amekwisha kufa. Mfalme, ijapokuwa moyo wake ulijaa majonzi, akawaahidi ijara yao: wapewe ardhi yote ambayo uvundo wa mzoga utaifikia. Akatumwa afisa mwenye pua hodari kupima mipaka, akafuatana na mkuu wa wale watafutaji, wakatembea mchana kutwa, wakipanda vilima na kushuka mabonde, na kila walipofika yule afisa akasikia uvundo ule ule, hata akachoka, akasema inatosha. Alipokwisha kwenda zake, mkuu akatoa ndani ya nguo zake pande la nyama iliyooza.

Miguel Covarrubias, msanii wa Mexico, aliisimulia hekaya hii katika kitabu chake cha mwaka 1937, na wasomaji wengi wameicheka kama kichekesho cha werevu. Hapana shaka inachekesha. Lakini kwa watu wa Tenganan ile ndiyo hati ya milki yao, na mipaka yake imeandikwa juu ya ardhi yenyewe, kwa maana huko vilimani yako mawe ya kale yanayosadikiwa kuwa viungo vya yule farasi, hapa paja, pale singa, na kwingine hata kinyesi chake, nayo hupelekewa sadaka. Anayekwenda kuabudu huwa papo hapo anakagua mipaka ya kijiji chake.

Na kwa kuwa ardhi ile walipewa wote kwa pamoja, hakuna awezaye kuiuza kwa mgeni. Inashabihi wakfu kwetu pwani: mtu hula matunda yake, lakini shina si lake. Mashamba ya mpunga hulimwa na watu wa vijiji jirani kwa kugawana mavuno, na wenyeji hubaki na wasaa wa kutimiza ibada zao, ambazo ni nyingi mno. Miti ya namna fulani haikatwi pasipo idhini ya baraza. Na matunda kama duriani, hata mwenye shamba hana ruhusa ya kuyachuma, sharti angoje mpaka yaanguke yenyewe. Sheria hizi zilikuwa zimeandikwa, zikateketea kwa moto mwaka 1841, na mwaka uliofuata zikaandikwa upya.

Ama hekaya ya pili, ile ya mungu Indra, ndiyo inayotawala miili na ndoa zao. Wao hujiona ni kizazi cha askari wa Indra, aliyempiga vita Mayadenawa, mfalme mwenye kiburi aliyewazuia watu wasiabudu. Askari wa mungu hapaswi kuwa na ila. Kwa hiyo mwenye kasoro ya mwili haingii katika baraza kuu, wala haingii aliyeoa nje ya kijiji. Hapa hekaya inaonyesha ukali wake, nami sioni haja ya kuupaka sukari. Kwa upande mwingine, barazani mume na mke huingia pamoja, hukaa kwa kufuata nani alitangulia kuoana, si kwa mali wala nasaba, na mtoto wao wa kwanza akioa au akiolewa, wao hustaafu. Binti naye hurithi sawa na mwana wa kiume.

Inasemekana pia kwamba Indra ndiye aliyewafundisha wanawake wa Tenganan kufuma geringsing, nguo ambayo nyuzi zake za mtande na za mshindo hufungwa mafundo na kutiwa rangi kabla hazijafumwa, kazi iwezayo kuchukua miaka, na ambayo duniani hupatikana pia India na Japani tu. Nguo hiyo huaminiwa kumkinga mvaaji na maradhi.

Kila mwaka, katika mwezi wa tano wa kalenda yao, wanaume hupigana kwa heshima ya Indra. Silaha ni mafungu ya majani ya mkadi yenye miiba, na ngao zimesukwa kwa henzirani. Ala za muziki za chuma hupigwa, damu hutoka migongoni, na kila pambano halichukui ila dakika chache. Hakuna anayetangazwa mshindi. Majeraha hupakwa dawa ya manjano na siki, ambayo, kwa nyuso wanazokunja wapakwaji, huenda inauma kuliko miiba, kisha waliokuwa wakichanana ngozi huketi kula pamoja.